Ovadraivu ya Land Rover 109 inavuma na kuruka: niitoe au niifungue?

*Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Land Rover 109 Series III ya petroli, ya mwaka 1978. Nyuma ya giaboksi kuna ovadraivu ya Fairey. Nikiiingiza inavuma, na nikiachia mafuta kwenye mteremko mkono wake unaruka wenyewe. Fundi wa kwanza, yuko Ilala, anasema itolewe, pale nyuma pafungwe bati, gari litatembea kama kawaida. Wa pili anataka kufungua giaboksi nzima. Mwezi ujao nataka kwenda nalo Iringa. Nimsikilize nani? Na likitengemaa, hiyo ovadraivu inatumikaje?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Huyo wa kwanza atakuacha barabarani. Kazi ya ovadraivu ni kupunguza mzunguko wa injini kwa mwendo ule ule, lakini Fairey si kitu cha nyongeza ambacho ukikitoa vilivyobaki vinaendelea na kazi. Siku ilipofungwa, ile gia ya nyuma ya shafti kuu inayopeleka nguvu kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ilitolewa, na nafasi yake ikashikwa na gia iliyomo ndani ya ovadraivu. Uwe namba moja, uwe rivasi, ovadraivu iwe ndani au nje, nguvu yote ya injini inapita humo. Ukiitoa ukapiga bati, utaingiza gia, utaachia klachi, injini itazunguka na gari litabaki pale pale. Kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani inawezekana, ila lazima upate ile gia ya mwanzo, nati yake na kifuniko chake, na meno yalingane na gia ya kati ya transfa. Kabla hujaingia mtaani kutafuta, pekua stoo ya mzee. Waliofunga ovadraivu zamani walikuwa watu wa utaratibu, na gia iliyotolewa mara nyingi iliviringishwa kwenye gazeti ikawekwa kwenye boksi la spea.

Wa pili anaweza kuwa na haki, lakini hajathibitisha. Na anachotaka kufanya si kazi ndogo. Giaboksi ya gari hili haitolewi kwa chini kama ya Corolla. Inatoka kwa juu: viti, sakafu na lile boksi la viti vinatolewa kwanza, halafu inanyanyuliwa na kupitishwa mlangoni. Kwa gari la 1978 lililokaa Dar na hewa yake ya chumvi, bolti za sakafu peke yake ni siku nzima ya kukata na kulaani. Ovadraivu, kwa upande wake, inafunguliwa giaboksi ikiwa mahali pake. Unatoa sakafu ya katikati, unamwaga oili, unafungua nati zinazoishikilia nyuma ya transfa, unaivuta kwa nyuma. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu kutoa giaboksi, hakikisha ugonjwa uko wapi.

Jaribio ni la bure. Chukua Jumapili asubuhi, Barabara ya Bagamoyo ukishapita Bunju, kabla watu hawajaamka. Nenda mwendo wa 70, namba nne, ovadraivu ikiwa nje, usikilize. Mwendo ule ule, iingize, usikilize tena. Kisha itoe, shuka namba tatu, mwendo wa 40. Mwisho weka transfa kwenye loo, ile gia nzito ya mwendo mdogo, na utambae kidogo.

Mlio ukiwepo namba moja, mbili na tatu halafu ukapotea namba nne, tatizo ni beringi za shafti ya chini ya giaboksi, maana kwenye namba nne nguvu inapita moja kwa moja na shafti hiyo haibebi mzigo. Hapo fundi wa pili ameshinda. Mlio ukiwepo kwenye gia zote, ovadraivu ndani au nje, na ukabadilika sauti unapoweka loo, shuku gia ya kati ya transfa na washa zake. Mlio ukitokea ukiwa umesimama fri na ukakata ukikanyaga klachi, angalia beringi ya shafti inayoingia kutoka kwenye injini. Ukivuma pale tu unapoingiza ovadraivu, basi ni yenyewe. Kwa maelezo yako naona tuko kwenye hili la mwisho, lakini fanya jaribio kwanza. Mwenye gari husikia kelele moja, ukikaa naye unakuta ni mbili.

Sasa tuje kwenye oili, maana hapa ndipo nyingi ya ovadraivu hizi zilipofia. Giaboksi ya Series III inachukua lita 1.5. Transfa inachukua lita 2.5. Fairey ina oili yake peke yake, haichangii na yeyote, na haifiki hata nusu lita. Gari likienda gereji, fundi anapima giaboksi, anapima transfa, anapima difu mbili, anafunga nati, anapokea hela yake. Kile kijungu cha nyuma hakuna aliyekigusa. Na kwa kuwa oili ni kidogo, ikivuja kiasi cha kikombe cha kahawa tayari vibeli, yaani beringi ndogo za ndani, vinazunguka vikavu, huku mzigo wote wa gari ukipita juu yake.

Kuna lingine linalowachanganya wengi: chini huoni tone. Kati ya ovadraivu na transfa kuna sili. Ikichoka, oili haivuji nje, inahamia kwa jirani. Inaweza kutoka ovadraivu kwenda transfa, ukakuta huku pakavu na kule pamezidi, au ikaja upande wa pili. Jaza vyote viwili mpaka usawa wa nati zake gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, endesha wiki moja ya kwenda kazini na kurudi, halafu fungua nati za usawa uone nani kapungua na nani kazidi.

Unapomwaga ya zamani, imwage ikiwa ya moto, ndani ya karai safi, na utandike tambara jeupe juu yake. Subiri oili ipite, halafu lipeleke tambara juani uligeuzegeuze. Unga wa kijivu laini kama masizi ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Vumbi linalometa rangi ya dhahabu ni shaba, maana yake koni ya sinkro (inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) au bushi inaliwa. Ukiona vipande bapa vya chuma vinavyong'aa, ukivisugua kwa kidole vinachoma, hizo ni ngozi za beringi au jino; usiendeshe tena, hata kurudi nyumbani. Oili nyeupe kama chai ya maziwa imeingia maji, jambo ambalo halishangazi kwa gari lililovuka mafuriko ya Jangwani.

Ya kujazia iwe namba 90, daraja la GL-4. Muuza duka atakwambia GL-5 ni bora zaidi kwa sababu namba ni kubwa. Kwenye difu sawa. Kwenye giaboksi yenye sinkro za shaba, viungo vya salfa vilivyomo ndani ya GL-5 vinaweza kuila shaba hiyo, na utelezi wake unaifanya koni ishindwe kushika. Pia atakupa 140 ili "kelele ipungue". Itapungua kweli, kwa sababu oili nzito inafunika mlio, lakini haifiki haraka kwenye vibeli vyembamba. Ni ndugu wa ule mchezo wa madalali wa kutia unga wa mbao kwenye giaboksi siku ya kuuza gari.

Kuhusu kuruka, kabla hujafungua chochote, ondoa sakafu ya katikati, mwambie mwenzako akae kwenye kiti aingize ovadraivu, wewe tazama mkono unavyokwenda. Mara nyingi utakuta haufiki mwisho. Mipira inayoshikilia giaboksi imelala, giaboksi yote imekaa chini kidogo, na mkono unagota kwenye tundu la sakafu kabla meno ya ndani hayajashikana sawasawa. Yanashika nusu, na ukiachia mafuta yanasukumana, yanaachiana. Tiba ni mipira mipya, pini na bushi za mkono zisizocheza, na kutanua tundu kwa faili. Ni kazi ya nusu siku na hela ya kawaida. Mkono ukifika mwisho na bado unaruka, ndipo tunashuku springi na kidude chake cha kushikilia, uma unaosukuma, au meno yaliyokuwa na kona kali yamekuwa mviringo.

Basi tuseme umethibitisha kuwa lazima ifunguliwe. Usiifungulie barabarani. Vumbi la Gerezani ni zuri kwa biashara, si kwa beringi. Meza safi, mafuta ya taa ya kuoshea, brashi, vikopo vya kutenganishia, na simu ya kupiga picha kila hatua. Vibeli vya sindano vihesabu kabla havijamwagika, na ukirudisha vishikilie kwa grisi. Kasha ni alumini: beringi haiingizwi kwa nyundo. Lipashe kasha moto kwenye oveni au maji yanayochemka, beringi itashuka yenyewe kwa mkono. Ikiwa unaipachika kwenye shafti, sukuma pete ya ndani, usiguse ya nje, la sivyo umeiharibu kabla haijazunguka. Washa za kufungia nati ziwe mpya, zile za kukunja hazikunjwi mara mbili. Na nati za kwenye alumini zikaze kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, si kwa nguvu za mabega.

Ovadraivu ikiwa imetoka, chukua tochi ya kumulika uangalie mwisho wa shafti kuu. Ina mifereji inayoshikana na ovadraivu. Hapa ndipo bajeti inapoamuliwa. Mifereji ikiwa mipana na yenye kingo, endelea. Ikiwa imeliwa ikawa myembamba kama msumeno, utakuwa umesikia pia mgongano kila unapoachia klachi, na hakuna spea ya ovadraivu itakayoponya hilo. Shafti kuu yenyewe inabadilishwa, na hapo giaboksi inatoka kwa juu, viti na vyote. Kama unafika huko, fanya kazi nzima kwa mara moja: sinkro, beringi za shafti zote, springi za kuchagulia gia, klachi, sili. Kulipa gharama ya kuitoa mara mbili ni ujinga ambao hauna haja ya kuufanya.

Spea. Beringi hazina kabila. Soma namba iliyopigwa ubavuni, ipeleke Kariakoo mtaa wa Shaurimoyo, utaipata bila hata kutaja Land Rover. Lipia ya kiwanda kinachoeleweka, na uizungushe sikioni kabla hujatoa hela. Sili inapimwa kwa vipimo vitatu, kipenyo cha ndani, cha nje na upana, na inapatikana hivyo hivyo. Gasketi unakata mwenyewe kwenye karatasi. Bushi atakukerezea fundi wa mashine Gerezani, ila umpe shaba nyeusi ya kazi hiyo, usikubali aliyoyeyusha kutoka mabomba ya maji. Gia zenye meno ni habari nyingine. Atatokea mtu akwambie anajazia jino kwa welding na kulichonga upya, au anakutengenezea gia nzima kwa chuma cha kawaida. Jino la kiwandani limechomwa na kupozwa likawa gumu ngozi ya nje. La kuchonga litakufikisha Kibaha. Gia agiza kutoka Uingereza. Kampuni ya Fairey Winches ilikuwa Tavistock, huko Devon, na baadaye ovadraivu hizi zikauzwa kwa jina la Superwinch, kwa hiyo unapotafuta tumia majina yote mawili. Wapenzi wa Land Rover bado ni wengi na spea zinazunguka.

Umesema pia kwenye ujumbe wako mwingine kwamba umesoma ni mwiko kurudi rivasi ovadraivu ikiwa ndani, kwamba itapasuka. Hilo ni la Laycock de Normanville, ile ya umeme na presha ya oili iliyokuwa kwenye Volvo, MG na Triumph. Ndani yake kuna klachi ya kuzunguka upande mmoja tu, na rivasi inaivunja kweli, ndiyo maana wakaiwekea swichi ya kuizuia. Fairey ni gia na meno, haina mambo hayo. Hata hivyo rivasi na ovadraivu havina sababu ya kukutana.

Sasa kuendesha. Gia yake ni 0.782. Matangazo ya zamani yalipenda kusema inakupa asilimia 28 zaidi ya mwendo, na ni kweli kwa hesabu ya mzunguko ule ule wa injini. Ukigeuza hesabu, kwa mwendo ule ule injini inapunguza mzunguko kwa karibu asilimia 22. Kwa gari lako, matairi ya 750-16, namba nne, mwendo wa 80, injini inazunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Ukiingiza ovadraivu inashuka mpaka kama 2,300. Utasikia tofauti masikioni kabla hujaiona kwenye petroli. Dashibodi haidanganyi, kwa sababu waya wa spidi unachukua mzunguko baada ya transfa, kwa hiyo tochi za trafiki zitakusoma kama unavyojisoma.

Usitarajie mwendo mkubwa zaidi. Injini ya sentimita za ujazo 2,286 inasukuma bodi lenye uso wa kabati. Upepo ukiwa wa mbele, namba nne na ovadraivu itakusinzia. Ovadraivu ni ya kutulia, si ya kukimbia. Chini ya 65 kwenye namba nne usiiingize. Ukikanyaga mafuta na gari haliongezi, au ukahisi mtikisiko mzito kutoka chini, injini inabeba mzigo kwa mzunguko mdogo mno, na beringi za konrodi ndizo zinazolipa. Itoe.

Namna ya kuiingiza: achia mafuta, klachi mpaka chini, peleka mkono taratibu, upumzishe kidogo katikati, malizia, achia klachi. Kuitoa ni hivyo hivyo, ila ukiwa katikati gusa mafuta kidogo ili injini ipande kulingana na gia. Ina sinkro, lakini ni ndogo, na anayeipiga kofi kila siku anaimaliza.

Inafanya kazi kwenye gia zote, na hapo vijana wanajisifu kuwa wana gia nane. Namba tatu na ovadraivu inakupa 1.17, katikati ya tatu yenye 1.50 na nne yenye moja kwa moja. Hiyo tumia, utaifurahia kwenye vile vilima virefu visivyo vikali kati ya Mlandizi na Chalinze, ambapo nne inachoka na tatu inalia. Namba moja na mbili iache nje. Namba moja inazidisha nguvu ya injini mara 3.68 kabla haijafika kwenye zile gia ndogo za Fairey. Kwenye matope na mchanga, nje. Ukivuta tela, nje.

Ikishafungwa upya, usiondoke nayo moja kwa moja. Izungushe mjini na Bagamoyo, ukifika kilomita 500 hivi imwage oili, uitazame kwenye tambara, ujaze mpya. Ikiwa safi, ondoka.

Mpaka Kibaha, kwa foleni na malori, sahau kama unayo. Baada ya hapo iingize panaponyooka, itoe kwenye vibao vya 50. Morogoro ukisimama kunywa chai, ingia chini uweke kiganja kwenye kasha: joto la kuvumilika ni sawa, likikuunguza ukashindwa kushika, pima oili palepale. Ndani ya hifadhi ya Mikumi mwendo ni wa vibao na faini za wanyama zimebandikwa, kwa hiyo nje. Kabla ya Kitonga, ukiwa bado Ruaha Mbuyuni, hakikisha iko nje na upande kwa namba mbili au tatu bila haraka. Siku ya kurudi ni muhimu zaidi: mteremko ule unashuka kwa gia, si kwa breki, na ovadraivu ikiwa ndani umepunguza uwezo wa injini kukushikilia, tena kwenye mkono wenye historia ya kuruka.

Beba lita moja ya GL-4, spana ya nati ya usawa na sirinji kubwa ya kujazia. Iringa, gari likilala limepoa, fungua nati uingize kidole. Kama imepungua, jaza, na usijidanganye kwamba utarudi bila kuiingiza ili kuipumzisha, maana hata ikiwa nje nguvu yote bado inapita humo humo.